Mwalimu wa Madaktari na Mizani ya Maksi



Yako mas-ala ambayo mtu ayasikiapo mara ya kwanza huyadhani ni ya wasomi na vyuo vyao, hayamgusi yeye aliyeketi barazani kwake. Moja katika hayo ndilo nitakalo kulileta mbele yako leo. Mwalimu wa chuo cha udaktari huketi na kundi la wanafunzi wanane, nao wakazungumza juu ya mgonjwa na ugonjwa wake. Kisha mwalimu yule hutakiwa ampe kila mmoja wao maksi kwa namna alivyoshiriki katika mazungumzo. Vipi atazitoa maksi hizo kwa haki? Na chuo kikiwa na makundi kumi na mawili na walimu kumi na wawili, vipi tutajua kuwa maksi nne za mwalimu huyu zina uzito sawa na maksi nne za yule?

Nakuomba usiupindue ukurasa. Kijana anayepewa maksi hizo huenda akawa ni mwanao, uliyeuza minazi ili asome. Na ikiwa si mwanao, basi ndiye utakayemwita daktari siku utakapopelekwa hospitali hujitambui, wala hutakuwa na nafasi ya kumuuliza ni nani aliyempasisha, na kwa nini.

Kwanza na tuujue mtindo wenyewe. Kwa miaka mingi mwanafunzi wa udaktari alisomeshwa kwa kuhutubiwa. Mwalimu husimama mbele, wanafunzi mia wakaandika. Miaka miwili mitatu ya mwanzo wakasoma viungo vya mwili na madawa hali mgonjwa mwenyewe hawajamwona. Mwaka 1969 Chuo Kikuu cha McMaster, katika mji wa Hamilton nchini Canada, kilipokea wanafunzi wake wa kwanza wa udaktari, kikaanza kwa upande wa pili: wanafunzi wachache huwekwa pamoja, wakapewa khabari za mgonjwa kabla ya kusomeshwa chochote, na wao wenyewe wakatafuta wanachohitaji kukijua. Maastricht nchini Uholanzi ikafuata mwaka 1974. Na huku kwetu Afrika Mashariki, Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kilipoanza kusomesha madaktari mwaka 1990, kiliuchukua mtindo huu tangu mwanzo.

Tuseme kundi limepewa karatasi yenye maneno machache. Mwanamke wa miaka thelathini, mama wa watoto wanne, anatoka shamba. Amepauka, anachoka upesi, na akipanda kilima moyo humwenda mbio. Basi. Wanafunzi huanza kuulizana. Damu imepungua, lakini imepungua kwa nini? Mmoja akataja safura, mdudu anayeingia kwa nyayo za miguu mitupu na kwenda kunyonya damu ndani ya utumbo. Mwengine akauliza juu ya hedhi yake na uzazi wa karibu karibu. Wa tatu akataja malaria, wa nne chakula kisichokuwa na madini ya chuma. Wanapofika mahali ambapo hapana anayejua, kama vile namna damu inavyotengenezwa ndani ya mifupa, huandika ubaoni kuwa hili hatulijui, wakagawana kazi, wakaenda maktaba, na baada ya siku mbili tatu wakarudi kuelezana.

Mwalimu yupo muda wote huo, lakini hakuja kuhutubu. Kazi yake ni kusikiliza, kuuliza swali pale wanapopotea, na kumzuia yule mwenye kuwameza wenziwe. Mtindo huu ni mzuri, nami sina ugomvi nao. Ugomvi huja mwisho wa majuma, mwalimu anapoletewa fomu. Fomu humtaka apime maandalio ya kila mwanafunzi, namna anavyofikiri, namna anavyosema, heshima yake kwa wenziwe, na kama anaijua mipaka ya elimu yake. Kila kimoja kwa nambari kati ya moja na tano.

Hapo ndipo mambo yanapoharibika, tena yanaharibika mikononi mwa watu wema. Yuko mwalimu ambaye kwake tano ni ya malaika, na nne ni yake mwenyewe alipokuwa kijana. Wengine wote ni tatu kushuka chini. Yuko mwengine ambaye hawezi kumtazama kijana usoni na kumwandikia tatu, kwa hivyo kundi lake lote hutoka na nne na tano, mpaka yule aliyekuwa akisinzia. Ukimuuliza mkali atakwambia kuwa analinda heshima ya udaktari, na ukimuuliza mpole atakwambia kuwa anawatia vijana moyo. Kila mmoja ana hoja yake. Lakini mwanafunzi hakuchagua mwalimu. Jina lake lilibandikwa ukutani katika orodha ya kundi la saba, basi. Ikiwa maksi yake inategemea zaidi amekaa chumba gani kuliko alivyofanya humo chumbani, maksi hiyo haina tafauti kubwa na kura.

Tena kuna mtego mwengine, nao ni wa zamani. Mwaka 1920 mtaalamu mmoja wa elimu ya nafsi huko Marekani, Edward Thorndike, alitoa utafiti juu ya maofisa wa jeshi waliotakiwa kuwapima wadogo wao kwa sifa mbali mbali: umbo, akili, uongozi, tabia. Aliona kuwa mtu aliyepewa daraja ya juu katika sifa moja alipewa daraja ya juu katika takriban zote, kwa kiasi ambacho hakiwezi kuwa ni kweli. Kwani umbo zuri si dalili ya akili nzuri. Jicho likipendezwa na kitu kimoja, hupaka rangi hiyo hiyo juu ya vyengine. Na katika chumba cha mazungumzo kitu kinachopendeza upesi ni ulimi. Kijana mwenye Kiingereza chepesi, aliyesoma skuli ya gharama, husema jambo dogo kwa sauti ya mtu mkubwa. Mwalimu akamwandikia tano ya kusema, na kalamu ikiwa bado ina wino wa tano ile, ikamwandikia tano ya kufikiri na tano ya maandalio. Lau ungeisikiliza maana peke yake, na sauti ukaiacha, huenda ungemwona ametwambia tu yaliyoko kwenye ukurasa wa kwanza wa kitabu.

Wengi wanaolizungumza jambo hili hutaka dawa moja tu, nayo ni usawa. Walimu wote watumie fomu moja, sharti moja, hesabu moja, na mambo yamekwisha. Mimi nasema usawa hautoshi. Muuza unga mwenye pishi pungufu, akimpimia kila mteja kwa pishi ile ile, tajiri na maskini, ndugu na mgeni, hana upendeleo hata chembe. Na bado ni mwizi. Kupima watu wote kwa kipimo kimoja ni jambo moja, na kipimo chenyewe kuwa cha haki ni jambo jengine. Chuo chaweza kuweka sharti kuwa kila anayesema chini ya mara tano katika kikao hupewa mbili, na walimu kumi na wawili wakalifuata sharti hilo bila ya kupotoka. Hapo patakuwa na usawa uliokamilika, na dhulma iliyokamilika vile vile.

Mfikirie msichana, tumwite Rukia, aliyelelewa katika nyumba ambayo mdogo hamkati maneno mkubwa, wala hatii neno mpaka aulizwe. Anakuja darasani amesoma kuliko wote. Anaijua safura tangu yai lake mpaka mdudu mzima. Lakini mazungumzo ya kundi ni kama kivuko wakati wa maji kujaa. Asiyeruka upesi huachwa ufukoni. Kabla hajafungua mdomo, vijana watatu wameshasema. Mwalimu anamwona kimya, anaandika mbili ya kushiriki, na kwa ule mtego tulioutaja, anaandika mbili ya kufikiri.

Utaniambia: basi aachiwe, ndiyo adabu yake. Hapana, nami hapa sikubaliani na wanaomtetea kwa njia hiyo. Daktari asiyeweza kusema ni khatari. Siku moja atamwona mkubwa wake anataka kumpa mgonjwa dawa isiyopatana naye, na ikiwa ulimi wake utaganda kwa heshima, mgonjwa atakufa kwa heshima hiyo. Chuo kina haki ya kumtaka Rukia aseme. Lakini ni kusema gani kunakotakiwa? Kunatakiwa aseme pale ambapo kunyamaza kunadhuru, na aeleze alichokisoma kwa namna ambayo wenziwe watafahamu. Wingi wa maneno haukutakiwa na mtu yeyote. Na ikiwa mwalimu ameliona pungufu hilo katika juma la pili, haki ya Rukia ni kuambiwa katika juma la pili, kwa siri na kwa upole, ili apate majuma manne ya kujirekibisha. Mwalimu anayeliona jambo, akalinyamazia, kisha akalitoa mwisho kama hukumu, amefanya lile lile analomlaumu Rukia kwalo. Amenyamaza mahali pa kusema.

Baadhi ya vyuo, kwa kuchoka na fujo hii, huamua kulipa kundi zima maksi moja. Wote wamefanya kazi pamoja, basi wote wapate sawa. Kwa juu juu yapendeza. Lakini mhandisi mmoja wa kilimo wa Kifaransa, Max Ringelmann, alichapisha mwaka 1913 majaribio yake ya kuvuta kamba. Aliwapima watu mmoja mmoja, kisha wawili, watatu, mpaka wanane. Walipokuwa wanane wakivuta pamoja, kila mmoja alitoa kama nusu tu ya nguvu alizozitoa peke yake. Baadhi ya upungufu huo ni wa kutokwenda pamoja katika kuvuta, na baadhi yake, kama walivyoonyesha watafiti wa baadaye, ni uvivu tu wa mtu kujua kuwa wako wengine. Na kundi la wanafunzi wetu ni wanane. Maksi moja kwa wote humlipa aliyelala kwa jasho la aliyekesha, na yule aliyekesha hujifunza somo ambalo halimo katika mtaala, kwamba kazi ni ujinga.

Sasa nije kwenye jambo ambalo mimi naliona ndilo kubwa kuliko yote.

Mtindo huu wa kusoma umesimama juu ya neno moja: sijui. Mwanafunzi akisema sijui, kazi huanza. Akilificha, hapana kinachoanza. Katika elimu zetu neno hili lina heshima. Imam Malik wa Madina hutajwa hadi leo kwa wingi wa maswali aliyoyajibu kwa kusema hajui, na wala haikumpunguzia cheo. Sasa mweke mwanafunzi mbele ya mwalimu aliyeshika kalamu na fomu. Kila neno litokalo mdomoni mwake laweza kuwa nambari. Je, atasema sijui? Ataangalia kwanza usoni mwa mwalimu. Ataanza kusema mambo yanayosikika vizuri, atajifanya amefahamu, atauliza maswali ambayo majibu yake anayo mfukoni. Mtu yule yule aliyewekwa awe msaidizi wake amekuwa hakimu wake, na kwa hakimu watu hawapeleki makosa yao, hupeleka mashahidi.

Nimeona kuwa huko Maastricht walilifikiria jambo hili walipotunga mtihani wao mkubwa, ulioanza mwaka 1977. Mtihani huo ulifanywa mara nne kwa mwaka, na wanafunzi wa mwaka wa kwanza hadi wa mwisho wote walifanya mtihani mmoja kwa siku moja, kila mmoja akitazamwa amepanda kiasi gani tangu mara iliyopita. Haukufungamana na somo lolote, kwa hivyo mtu hakuweza kuukesha usiku mmoja. Na kwa miaka mingi miongoni mwa majibu mtu aliyoweza kuyachagua lilikuwamo hili: sijui. Aliyekosa alikatwa maksi, na aliyekiri kutojua hakukatwa. Ni jambo dogo katika karatasi, lakini hebu fikiri linamfundisha nini kijana ambaye kesho atashika sindano. Linamfundisha kuwa kubahatisha kuna bei, na kukiri hakuna.

McMaster nao walikuja kuuchukua mtihani wa namna hii katika miaka ya 1990, na sababu yake ni ya kuzingatiwa. Kwa miaka ishirini chuo hicho kiliwategemea walimu wa makundi waseme nani anaridhisha na nani haridhishi, bila ya mitihani ya nambari. Walimu waliridhika na takriban kila mtu. Mwisho wa miaka ya 1980, wanafunzi wao walipokwenda kufanya mtihani wa taifa wa leseni, walianguka kwa wingi kuliko wastani wa nchi. Walimu wale hawakuwa waongo. Walikaa na vijana wazuri, wenye bidii, wenye maneno mazuri, majuma na majuma, wakawapenda. Na jicho la mapenzi haliwezi kuona shimo lililofunikwa kwa maneno. Baada ya kuuingiza mtihani, walioanguka wakapungua.

Watu hudhani mwalimu hamwangushi mwanafunzi dhaifu kwa kuwa hamwoni. Aghlabu anamwona. Mwaka 2005 watafiti wa Canada walichapisha majibu ya madaktari wanaosimamia wanafunzi hospitalini, walipoulizwa kwa nini humpasisha mtu waliyejua kuwa hafai. Walitaja kuwa hawakuweka maandishi tangu mwanzo, na wala hawakujua hasa waandike nini. Waliogopa rufaa, barua na vikao. Na waliona kuwa hata akianguka, chuo hakina njia ya kumsaidia. Yatazame vizuri maneno hayo. Hakuna hata moja ndani yake linalomtaja mgonjwa.

Upole wa namna hiyo tunauita huruma, na mtu anayeufanya hulala usingizi mzuri. Lakini huruma ni kutoa kilicho chako. Mtu akikusamehe deni lake, amefanya ihsani. Akikusamehe deni la jirani yake bila ya jirani kujua, amefanya nini? Maksi ya daktari haikuwa mali ya mwalimu. Ndani yake mna haki ya mama yule aliyepauka, anayepanda kilima na moyo unamwenda mbio, ambaye hakualikwa katika kikao na wala hajui kuwa kikao kipo. Mkali naye asifurahi kwa maneno haya. Anayemwangusha anayefaa amemdhulumu kijana, na amemnyima mama yule daktari. Na nchi zetu hazina madaktari wa kutupa.

Iko hadithi ya zamani ambayo kila nikiikumbuka hunichekesha, kisha hunitia shaka. Mwaka 319 wa Hijra, nao ni 931 wa Miladi, khalifa al-Muqtadir aliletewa khabari kuwa mtu mmoja wa Baghdad amekufa kwa kosa la tabibu. Akaamrisha asitibu mtu yeyote mpaka apimwe na Sinan bin Thabit, mkuu wa matabibu. Wakaja zaidi ya 860 kutoka pande mbili za mji, mbali na wale waliosamehewa kwa kuwa wanajulikana. Ibn al-Qifti ameeleza kuwa siku moja alikuja mzee wa haiba kubwa, mavazi mazuri, Sinan akamheshimu na kumkalisha karibu naye. Watu walipoondoka alimwomba mzee amfaidishe kwa elimu yake. Mzee akatoa dinari mkononi mwa nguo, akaziweka mbele yake, akakiri kuwa hakusoma kitu, hata kuandika hajui vyema, ila ana watu wa kuwalisha kwa kazi hiyo. Sinan akacheka, akampa rukhsa kwa sharti asimwendee mgonjwa kwa asilolijua, wala asiwatoe watu damu wala kuwapa dawa ya kuharisha, ila kwa maradhi mepesi. Mzee akasema huo ndio mwendo wake siku zote. Hakupita sharubati na maji ya waridi. Kesho yake akaja kijana mzuri wa sura. Alipoulizwa amesoma kwa nani, alisema kwa baba yake, na baba yake ni yule mzee wa jana. Sinan akampa rukhsa ile ile kwa sharti lile lile.

Hapo tunao usawa, baba na mwana wamepimwa kwa kipimo kimoja. Tunayo huruma. Na hatuwezi kusema mgonjwa amesahauliwa kabisa, kwa kuwa lile sharti lilikuwa ni lake. Lakini ni nani aliyefuatana na mzee vichochoroni kuangalia kama amelishika? Na lau angelikuja maskini mwenye nguo zilizoraruka, mjinga kwa kiasi kile kile, je, angelikalishwa karibu? Mtihani wa mzee ulianza mlangoni, kwa kilemba chake, kabla hajaulizwa neno. Miaka elfu na zaidi imepita na mtihani huo bado unaanza mlangoni.

Wazee wetu walilijua tatizo hili la kipimo. Yule muhtasibu aliyezunguka sokoni akikagua mizani na vibaba ndiye huyo huyo aliyetakiwa kuwaangalia matabibu. Katika kitabu cha al-Shayzari juu ya kazi ya muhtasibu, kilichoandikwa karne ya kumi na mbili, waganga wa macho wanatakiwa wapimwe kwa makala kumi za Hunayn bin Is-haq juu ya jicho. Yaani mwenye kupima naye alifungwa na kitu kilichoandikwa, kinachojulikana na pande zote mbili.

Siku hizi ufundi umeongezeka. Mwaka 1975 Ronald Harden wa Dundee, Uskochi, na wenziwe walitangaza mtihani ambao kila mwanafunzi hupita vituo vile vile, hukutana na matatizo yale yale, na hupimwa na watu wale wale mmoja baada ya mmoja. Bahati ya kupata mwalimu mpole au mkali ikapunguzwa sana, kwani kila mtu humwonja mpole na mkali. Walakini mazungumzo ya kundi hayawezi kukatwa vituo vituo. Huwezi kumwambia mwanafunzi fikiri pamoja na wenzako kwa dakika tano, kengele ikalia, ukamhamisha.

Basi lifanywe nini? Ningeanza kwa kuipunguza kazi ya ile nambari. Nambari kati ya moja na tano hujifanya inajua zaidi kuliko inavyojua. Kwa mazungumzo ya kundi yatosha kusema huyu anakwenda vizuri, huyu tuna wasiwasi naye, pamoja na sentensi mbili za kueleza aliona nini na siku gani. Sentensi hizo ni bora mara kumi kuliko nne na nukta mbili. Elimu yenyewe na ipimwe kwa mtihani ulio mbali na kalamu ya mwalimu wa kundi, ili chumbani watu wabaki huru kusema sijui. Walimu kabla ya kuanza muhula na wakae pamoja, watazame kikao kimoja kilichopigwa picha, kila mmoja atoe maksi kwa siri, kisha wazifunue. Mkali ataona kuwa yeye ni mkali, jambo ambalo huenda hajaambiwa na mtu maisha yake yote. Maandishi yawe ya kila juma, maana kumbukumbu ya majuma sita ni kumbukumbu ya siku ya mwisho tu. Na makundi yabadilishiwe mwalimu, ili mwisho wa mwaka mwanafunzi awe ametazamwa na macho mengi. Macho sita yenye kasoro mbali mbali hukosoana. Jicho moja, hata likiwa kali namna gani, halina wa kulikosoa.

Wako wanaosema haya yote ni mzigo kwa mwalimu, ambaye ana wagonjwa wa kuwatibu na mshahara usiotosha. Ni kweli. Chuo kinachotaka haki bila ya kuilipia wakati wake kinataka kitu cha bure. Ikiwa mwalimu hakupewa nusu saa kwa juma ya kuandika sentensi zile, asilaumiwe yeye peke yake kwa kubahatisha mwisho wa muhula.

Limebaki jambo moja, nalo ni letu sisi tulioko nyumbani. Kijana akirudi likizo na khabari kuwa amepewa maksi mbaya ya kundi, desturi yetu tunaijua. Hutafutwa mtu anayemjua mtu anayemjua mwalimu. Mjomba huvaa kanzu, hupanda basi, huenda kusalimia. Huenda kijana amedhulumiwa kweli, na huenda hakudhulumiwa. Mjomba hajui, na wala hakwenda kujua. Kijana mwenyewe na aende kwa mwalimu, aulize maswali mawili. Uliona nini kwangu, na siku gani? Na uliponiona, kwa nini hukuniambia siku ile? Mwalimu mwenye maandishi atamfungulia daftari, na kijana atajua la kufanya muhula ujao. Mwalimu asiyekuwa nayo atakosa la kujibu, na hapo ndipo rufaa inapokuwa na maana, kwa barua, kwa jina la kijana mwenyewe, kwa njia ambayo mtoto wa asiyekuwa na mjomba naye anaweza kuipita.